Sindano Namba Kumi na Sita

Barua ya kwanza niliipigia kelele.
PUNGUZO! LEO TU! USIKOSE!
Herufi kubwakubwa, kama mtu anayegombana na ukuta.
Nikaituma kwa watu mia mbili na kumi na wanne
kutoka nyuma ya duka la Mama Nambozo, hapa Mbale,
kati ya mafuta ya cherehani na boksi la bobini,
nikakaa kusubiri wateja wamiminike
kama mvua ya Aprili inavyoteremka Wanale.

Tisa walifungua.
Mmoja wao ni mimi, nikijaribu kama inafunguka.

Mama Nambozo alikuwa anapuliza vumbi kwenye gurudumu la mashine.
Hakuinua uso. "Mtu akija mlangoni kwako alfajiri
anapiga makelele, unamfungulia?"
Nikanyamaza.
"Haya basi."

Alhamisi iliyofuata umeme ulikatika.
Kompyuta ilibaki na chaji ya kuombea dua,
sikuwa na muda wa kupamba.
Niliandika tu nilichomsikia akimwambia
fundi mmoja wa Budadiri mchana ule:
kwamba sindano butu haijifichi,
inatoboa kitambaa kwa sauti ya mtu anayetafuna karanga;
kwamba kitenge kinaomba namba kumi na nne,
jinzi kumi na sita,
na anayelazimisha moja kwa zote
atalaumu uzi, atalaumu mashine,
mwisho atamlaumu mkwewe.
Chini nikaweka: mengine tumeyaandika kwa kirefu,
pamoja na picha. Gusa hapa.
Nikatuma. Kioo kikazima.

Kulipokucha, themanini na mmoja
walikuwa wameshagusa.

Swali la lugha halijaisha mpaka leo.
Wa mlimani wanataka Kimasaba,
wa Iganga wananidai Kisoga,
na mafundi wanaoshona magwanda karibu na kambi
hujibu kwa Kiswahili kifupi kama amri:
Imesomwa. Leta bobini sita.
Nikachagua Kiswahili,
lugha ambayo hapa kila mtu anaiazima
na hakuna anayeirudisha ikiwa imepigwa pasi.

Halafu likaja lile la Perusi Namarome.
Niondoe
Neno moja, halina hata nukta.

Wiki nzima lilinikaa kooni.
Nilimchosha? Nilikosea namba?
Nikazisoma barua zangu zote upya
kama mshtakiwa anayesomewa maelezo yake mwenyewe,
na kweli, ile ya Februari ilikuwa na maneno mengi mno.

Ijumaa akaingia dukani, mvua mabegani,
anataka mkanda wa mashine ya kukanyaga.
Nikamuuliza huku nahesabu vifungo
ambavyo havikuhitaji kuhesabiwa.
Akacheka. "Simu ni ya mume wangu, mwanangu.
Barua zako zinaingia saa yake ya mpira.
Anasema nimemjazia simu sindano.
Hebu nisomee ile ya juzi, ya uzi unaokatika."

Nikamsomea hapohapo kaunta.
Alinikatiza mara mbili.
Mara ya kwanza ilikuwa matamshi tu.
Mara ya pili alisema: "Hapana. Usianze na uzi.
Pitisha kidole kwenye tundu la bamba.
Kama kuna mkwaruzo, hata uzi wa malaika utakatika."
Mama Nambozo akageuka.
Akaenda kwenye mashine yake, akapitisha kidole,
akakitazama.

Nilimwondoa Perusi, kama alivyoomba.
Mia mbili na kumi na watatu.
Barua ya Alhamisi ikaanza hivi:
"Fundi mmoja wa Nkoma anasema tulikosea,
na tumekwenda kuhakikisha."

Jumatatu, kutoka simu ileile:
Nirudishe nasikia mmemwandika mke wangu

Hilo nalo halikuwa na nukta.